Utawala ni Amana



Watu wengi wanapozungumza juu ya serikali na raia, huanza na utii. Kurani Tukufu haikuanzia huko. Katika Sura Nisaa Mwenyezi Mungu ameamuru kwanza amana wapewe wanaozistahiki, kisha wenye kuhukumu wahukumu kwa uadilifu. Ndipo katika aya inayofuata akataja kuwatii wenye mamlaka. Basi anayeambiwa kwanza ni mwenye kuitoa amana, na katika nchi zinazopiga kura huyo ni wewe. Anayeuza kura yake kwa kilo ya sukari au doti ya kanga ameitupa amana kabla mtawala hajaigusa, na malalamiko yake ya baadaye (nasema wazi) yamekwisha kupungua uzito.

Ama kuhusu mtawala, tumtazame Seyidna Umar r.a., Khalifa wa pili, aliyetawala mwaka 634 hadi 644. Yeye ndiye aliyeanzisha daftari la kuwagawia watu posho kutoka Baitul Mali, yaani hazina ya umma. Mtoto hakuandikwa humo mpaka aachishwe ziwa. Yasimuliwa kwamba usiku mmoja, yeye na Abdur-Rahman bin Auf r.a. walikuwa wakiulinda msafara wa wafanyabiashara uliofika Madina, akasikia mtoto analia. Akamwendea mama yake, akamwusia amtunze. Mtoto akalia tena, na tena, hata usiku ukakaribia kwisha. Umar akamkemea yule mama kwa ubaya wake. Naye, asijue anasema na nani, akajibu kwamba anamwachisha mwanawe ziwa kwa nguvu, kwa kuwa Umar hampi posho mtoto anyonyaye.

Hebu fikiri! Kanuni ile haikuwekwa kwa nia mbaya. Hata hivyo ilimnyima mtoto maziwa ya mamaye. Umar akasalisha Alfajiri huku akilia, hata watu wasiweze kukisikia vema kisomo chake. Kisha hakutafuta udhuru, wala hakumwadhibu mtu. Alitangaza kwamba kila mtoto wa Waislamu ataandikiwa posho tangu kuzaliwa, na amri hiyo ikapelekwa majimboni.

Na mama yule je? Mtume Mtukufu s.a.w. amefundisha kwamba kuwatakia viongozi mema kwa moyo safi ni sehemu ya dini. Mama huyo hakutukana wala hakuzusha fitina. Alieleza tu jinsi kanuni ilivyomwumiza. Kama angalinyamaza kwa hofu, watoto wangaliendelea kulia usiku, na Khalifa angalidhani daftari lake halina kasoro.