Ili Mjakazi Naye Apumzike

Soma Kutoka 20:8-11 na Kumbukumbu la Torati 5:12-15. Kila fungu linatoa sababu gani ya kuitunza Sabato?

Amri ya nne imeandikwa mara mbili katika Torati, na kila mara ina sababu yake. Pale Sinai, Israeli waliagizwa kuikumbuka Sabato kwa kuwa Mungu aliumba mbingu na nchi kwa siku sita, akastarehe siku ya saba. Karibu miaka 40 baadaye, katika nchi ya Moabu, Musa aliirudia amri hiyo mbele ya kizazi kilichokuwa tayari kuvuka Yordani. Safari hii aliwakumbusha kwamba walikuwa watumwa Misri, na BWANA akawatoa huko. Hivyo Sabato ni ukumbusho wa uumbaji, na pia ni ukumbusho wa ukombozi.

Sababu hii ya pili inaleta swali zito. Je, mtu anaweza kuitakasa Sabato huku pumziko lake likitegemea jasho la mwingine?

Soma Kutoka 5:1-18. Farao aliwaonaje watu waliomfanyia kazi?

Musa na Haruni walipoomba watu waende kumwabudu Mungu, Farao aliwalaumu kwa kuwapumzisha watu wasibebe mizigo yao. Kitenzi cha Kiebrania kilichotumika hapo (fungu la 5) kina shina moja na neno Sabato. Kisha akaamuru wasipewe tena majani ya kufyatulia matofali, lakini hesabu ya matofali isipungue. Kwa Farao, mtumwa alikuwa hesabu tu.

Amri ya Mungu inawataja wale ambao Farao hakuwaona: mtumwa, mjakazi, mnyama na mgeni aliye ndani ya malango. Kumbukumbu la Torati inaongeza kusudi lake, kwamba mtumwa na mjakazi wapumzike sawasawa na bwana wao. Kutoka 23:12 inasema mwana wa mjakazi na mgeni wapate kuvuta pumzi. Kitenzi hicho cha Kiebrania ni kile kile kinachotumika katika Kutoka 31:17 kueleza jinsi Mungu mwenyewe alivyoburudika siku ya saba. Mtoto wa mjakazi anakaribishwa katika pumziko la Muumbaji.

Ni kweli kwamba Torati haikuufuta utumwa mara moja. Lakini iliuwekea mipaka. Mwebrania aliyeuzwa alitumika miaka sita, na mwaka wa saba aliachwa huru, tena asiondoke mikono mitupu (Kumbukumbu la Torati 15:12-15). Na kila juma, siku moja kati ya saba, bwana hakuwa na haki ya kuamuru kazi. Siku hiyo wote wawili walikuwa chini ya Bwana mmoja.

Leo familia inaweza kuvaa vizuri na kwenda kanisani, huku dada wa kazi akibaki nyumbani kufua na kupika. Hutolewa sababu kwamba yeye si Msabato. Lakini mgeni wa malangoni naye hakuwa Mwisraeli, na bado amri ilimtaja. Amri haimlazimishi kuabudu. Inamzuia mwenye nyumba asimtumikishe. Wengine husema kwamba analipwa, na kazi ameikubali mwenyewe. Hata hivyo, amri inasema na mwenye malango, kwa sababu yeye ndiye mwenye uwezo wa kusema, “Leo pumzika.”

Jambo lingine linaonekana katika mana (Kutoka 16:22-30). Mungu hakuwaagiza watu wapumzike kisha akawaacha na njaa. Siku ya sita alitoa chakula cha siku mbili. Mwajiri anayempa mfanyakazi siku ya saba, kisha akaikata katika mshahara wake, amempa pumziko lenye njaa.

Mgonjwa lazima ahudumiwe, na ng'ombe lazima anyweshwe. Lakini chakula kinaweza kuandaliwa Ijumaa, na nguo zinaweza kusubiri Jumapili. Maandalizi hayo yanapofanywa na nyumba nzima, si na mtu mmoja, jua la Ijumaa linapotua hata mtu mdogo kuliko wote katika nyumba hiyo anajua kwamba hayuko Misri.

Maswali ya Kujadili

1. Siku ya Sabato, ni nani anayefanya kazi ili wengine wapumzike: nyumbani, dukani, shambani, hata kanisani kwenye chakula cha pamoja?

2. Familia haina uwezo wa kumlipa mfanyakazi siku ambayo hafanyi kazi. Kisa cha mana kinaishauri nini?

3. Kwa nini ni rahisi aliyewahi kuonewa kuwaonea wengine? Kumbukumbu ya Misri ilikusudiwa kuwasaidiaje Israeli katika jambo hilo?