Ugenini Mdomo Haulipi Nauli

Wanangu, simu zenu za usiku wa manane zimenichosha. Mmoja yuko kituoni Guangzhou, anaiona treni yake ikiondoka na yeye kazuiwa mlangoni. Mwingine yuko Dubai, kaandikiwa faini kwa kuvuka barabara. Wa tatu yuko Berlin, anabishana na mkaguzi wa tiketi. Nyote hufungua mazungumzo kwa kauli moja: "Mzee, mimi sijafanya kosa lolote." Basi leo tuzungumze, maana siwezi kuendelea kuamshwa kwa neno lilelile.

Kwetu safari hubebwa na watu. Daladala la Mbagala lina konda anayeita abiria, anayekukumbusha kituo chako na kukusubiri utafute chenji mfukoni. Basi likikuacha, bodaboda atalikimbiza. Ukikosea, utaomba radhi, utataja kwenu, mtacheka, yataisha. Mdomo umetulea. Huko mwendako, kazi ya konda wameipa mashine na karatasi, na mashine haiombeki. Anayetoka hapa akitegemea ulimi wake atateseka, hata awe na fedha kiasi gani.

Nianze na China, kwa kuwa wengi wenu mnafuata bidhaa. Maonyesho ya biashara ya Canton yamekuwapo tangu 1957, hufanyika msimu wa kuchipua na wa vuli, na bado watu wetu wanafika Guangzhou kama waliodondoshwa jana. Unaandika jina la hoteli kwa herufi zetu, unampa dereva wa teksi asiyezisoma, kisha unamlaumu. Mwombe mwenye hoteli akutumie anwani kwa maandishi ya Kichina, uichapishe kabla ya kuondoka. Usiseme utaitafuta kwenye ramani ya Google au utamuuliza rafiki kwa WhatsApp, kwani vyote viwili vimefungiwa kwenye intaneti ya huko. Ukifikia hotelini, wao ndio watakaokuandikisha polisi. Ukifikia kwa ndugu yako, sheria inakutaka mjiandikishe ndani ya saa 24. Tafadhali msimfiche mtu eti kwa sababu ni wa nyumbani.

Na treni zao? Mji ule una zaidi ya kituo kimoja kikubwa. Kituo cha Guangzhou si kituo cha Guangzhou Kusini, na hicho cha Kusini kiko Panyu, mbali na katikati ya mji. Soma jina lote lililo kwenye tiketi, usiishie neno la kwanza. Tiketi imefungamana na namba ya pasipoti, hivyo bila pasipoti yenyewe mkononi hutasafiri. Mlango nao hufungwa dakika chache kabla ya treni kuondoka. Ukifika umechelewa, utaiona treni kwa macho tu, na hakuna wa kumbembeleza.

Dubai mmeizoea, na mazoea ndiyo yanayowaponza. Tanzania, Kenya na Uganda magari hupita kushoto. Kule hupita kulia, na Oman vilevile. Mtu aliyekua Dar au Mombasa akifika ukingoni mwa barabara, shingo humgeukia upande uleule wa nyumbani, kumbe gari linakuja kutoka upande wa pili. Kwa hiyo subiri taa na uvuke kwenye kivuko. Kuvuka ovyo kumekuwa na faini ya dirhamu 400, na tangu 2025 sheria ni kali zaidi kwa anayekatiza barabara zenye mwendo wa kasi. Ndani ya metro usile, usinywe, hata bigijii usitafune: ni dirhamu 100. Mwanamume akiingia behewa la wanawake na watoto naye hulipa. Viza ikiisha, kila siku unayozidisha inakutoza dirhamu 50. Hesabu hizi si siri, zinajulikana na kila aliyejisumbua kuuliza.

Berlin wala haina mengi. Vituo vya treni za mjini havina vizuizi, na mgeni hudhani amepewa bure. Tiketi nyingi za karatasi lazima uzigonge muhuri kwenye kimashine kabla ya kupanda. Mkaguzi anaweza kuvaa nguo za kawaida, akakaa pembeni yako kama abiria, kisha akatoa kitambulisho. Kununua tiketi bila kuigonga muhuri hakukuokoi na euro 60.

Mizigo nayo muiangalie. Mirungi inauzwa hadharani Kenya, lakini Uingereza imeipiga marufuku tangu Juni 2014. Tramadol na dawa zenye kodeini, ambazo mgonjwa hubeba bila wasiwasi, Falme za Kiarabu huzitakia kibali kabla hujasafiri. Na mfuko wa mtu mwingine, hata awe shemeji, usiubebe kama hujaufungua mwenyewe. Uwanjani hawatamuuliza shemeji.

Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Anaonekana haraka, na kelele zake husikika kuliko za wenyeji. Basi ukisimamishwa, punguza sauti, toa karatasi zako, uliza unachotakiwa kufanya. Ukiandikiwa faini halali, lipa na uombe risiti. Kubishana na mtu aliyevaa sare katika nchi isiyo yako hujenga kesi ya pili juu ya ya kwanza. Na usithubutu kumpa kitu mkononi ukidhani ni njia ya mkato. Hiyo sasa ni kesi ya tatu.

Siwakatazi kusafiri. Nendeni, mkachume, mrudi salama. Lakini kabla ya kukata tiketi, kaa chini na mtu aliyetoka huko juzi, umwulize mambo manne: nafikaje ninapolala, napanda nini na nalipaje, nini hakiruhusiwi, nani nimwendee nikikwama. Andika majibu kwenye karatasi, maana simu huzimika. Kuuliza si ujinga. Mniulize mchana, kabla hamjaondoka, nami nitawajibu kwa furaha.