Lipa Nyumba Haraka, Lakini Desemba Nenda kwa Bibi

Ukikopa shilingi milioni 60 za nyumba kwa riba ya asilimia 16, ulipe kwa miaka 15, rejesho lako la kila mwezi litakuwa shilingi 881,220. Mwezi wa kwanza unapeleka hela hiyo benki, unarudi nyumbani kifua mbele, unamwambia mwenzako: leo tumeanza kulipa nyumba. Bado. Katika hiyo 881,220, shilingi 800,000 ni riba. Kilichopunguza deni ni 81,220 tu. Na ukienda hivyo hivyo bila kukosa mpaka mwezi wa 180, utakuwa umelipa zaidi ya milioni 158 kwa deni la milioni 60.

Soma aya hiyo tena. Nataka ikuume, kwa sababu mimi iliponiuma ndipo nilipoamka.

Riba za mikopo ya nyumba kwetu Tanzania, kwa taarifa za Benki Kuu, zimekuwa kwa miaka mingi zikitembea kati ya asilimia 15 na 19. Sheria maalumu ya mikopo hii ilipitishwa mwaka 2008, na mwaka 2010 ikaanzishwa TMRC, kampuni inayozipa benki fedha za muda mrefu ili nazo zitukopeshe. Njia ilifunguka, lakini hadi leo mikopo ya nyumba inahesabika kwa maelfu machache katika nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61. Wengi wetu bado tunajenga kwa mtindo wa msingi mwaka huu, lenta mwaka kesho kutwa, bati tukijaliwa. Kama wewe ulichukua mkopo wa mshahara ukauzamisha kwenye saruji na nondo, haya ninayoyasema ni yako pia. Deni ni lile lile, na dawa yake ni ile ile.

Sasa habari njema. Kwa mkopo huo huo wa milioni 60, ongeza shilingi 50,000 juu ya rejesho la kila mwezi, na deni litaisha mwezi wa 148. Umejipa miaka miwili na miezi minane, na zaidi ya milioni 20 ambazo zingekwenda kwenye riba zimebaki kwako. Ongeza laki moja, linaisha mwezi wa 128, yaani miaka minne na miezi minne kabla ya wakati, na unaokoa kama milioni 33. Hakuna uchawi hapo. Riba yako ya mwezi ujao inahesabiwa kwenye salio lililobaki, na kila shilingi ya ziada inakwenda moja kwa moja kulila salio lenyewe. Ndiyo maana elfu kumi ya mwaka wa kwanza ina nguvu kuliko elfu kumi ya mwaka wa kumi. Anza mapema, hata kwa kidogo.

Mimi na mke wangu tulipoielewa hesabu hiyo, tulishikwa na homa. King'amuzi tukakizima. Nyama ikawa Jumapili kwa Jumapili. Michango ya harusi tukaitoa kwa kujivuta. Na Iringa, nyumbani kwa mama yangu, hatukwenda. Desemba ya kwanza tulimwambia mwakani. Desemba ya pili tukamwambia mwakani.

Kabla ya Desemba ya tatu, Jumapili moja jioni, mama alipiga simu ya video akisaidiwa na kijana wa jirani. Nilimpa simu mtoto wetu wa mwisho, ambaye wakati huo alikuwa na miaka sita. Akaamkia vizuri, "Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unanijua mimi ni nani?"

Mtoto aliitazama simu, akanitazama mimi, akairudia simu. Kisha akajibu kwa adabu kabisa: "Wewe ni mama mchungaji?"

Mama alicheka. Alicheka muda mrefu kuliko jambo lenyewe lilivyostahili, halafu akauliza kama huku Dar mvua imeanza.

Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Methali hiyo niliijua tangu darasa la tatu, na siku zote nilidhani inamhusu mzazi. Siku hiyo nilielewa kwamba bibi naye anaweza kukuta mjukuu si wake, na kwamba aliyemchelewesha ni mimi na daftari langu la marejesho.

Tena hata deni lenyewe halikufaidika na ukali wetu. Mwezi wa kumi na tisa tulichoka. Hakuna aliyetangaza. Tuliruka ziada mwezi mmoja, ukafuata wa pili, na Krismasi ilipofika nikataka kufidia furaha yote tuliyoinyima nyumba kwa siku moja. Nikachukua mkopo wa kausha damu ili watoto wavae, wale, na wageni waone. Ilituchukua miezi mitano kuufuta. Miezi mitano yote hiyo, mkopo wa nyumba haukuona hata shilingi mia ya ziada. Nimewaona wengine wengi wakianguka pale pale nilipoanguka: anayejifunga mkanda mpaka kupumua kunamshinda, siku akiufungua anaufungua wote.

Mke wangu ndiye aliyetutoa. Usiku mmoja alifungua kaunta buku mezani, akachora miraba, mmoja kwa kila mwezi uliobaki, na kila mraba wa Desemba akaupaka kalamu nyekundu. Akaniuliza tunaweza kutoa ziada kiasi gani bila kuumia. Nikasema laki. Akaigawa katikati: hamsini ya deni, hamsini ya safari.

Nilianza kubisha kwa takwimu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Benki ina muda, baba watoto. Mama ana miaka sabini na nne."

Turudi kwenye ule mkopo wa milioni 60 uone alichokuwa anakisema. Ukipeleka laki nzima kwenye deni, unamaliza mwezi wa 128. Ukipeleka nusu, unamaliza mwezi wa 148. Tofauti ni miezi 20. Ndani ya miezi hiyo 148 kuna Desemba kumi na mbili, na kila Desemba inakukuta na shilingi 600,000 za safari zilizokwisha kuwekwa, bila kukopa kwa mtu. Sitakuficha gharama yake: benki itachukua milioni 12 na ushee zaidi kuliko kama ungepeleka laki yote. Ni hela nyingi. Lakini bado unamaliza miaka miwili na miezi minane kabla ya mkataba, na watoto wako wanakua wakiijua njia ya kwa bibi. Mwalimu Nyerere alituachia neno kwamba kupanga ni kuchagua. Mimi nimechagua, na sijutii hata mwezi mmoja kati ya hiyo ishirini.

Kwa hiyo ondoa kichwani wazo kwamba likizo ni zawadi utakayojipa deni likiisha. Deni likiisha, mtoto wa miaka mitano atakuwa na miaka kumi na saba, na hutamwambia apande mapajani kwako aangalie nje dirishani. Likizo iingie kwenye bajeti mwezi huu, mstari wake, kiasi chake, na iheshimiwe kama rejesho linavyoheshimiwa. Iwe elfu hamsini, iwe elfu kumi. Mpangaji analipa kodi kwanza na mengine yanafuata, nawe ulipie deni na familia kwanza, siku ile ile mshahara unapoingia, kabla haujaanza kupukutika kwenye vocha na bodaboda. Iambie benki ikate yenyewe. Hela isiyopita mkononi haikutamanishi.

Na hapa nisimame kidogo, kwa sababu wengi wanaumizwa hapa. Kupeleka ziada benki peke yake hakutoshi. Sisi tulipeleka ziada miezi minne ya mwanzo tukidhani deni linashuka. Nilipoomba taarifa ya mkopo nikakuta fedha zetu zimekaa tu kwenye akaunti, zikisubiri kukatwa kama rejesho la miezi inayofuata. Riba ilikuwa inaendelea kuhesabiwa kwenye salio lile lile. Ofisa mikopo aliniambia, bila ubaya wowote, kwamba hatukuwa tumetoa maelekezo. Basi andika barua. Sema waziwazi kwamba kila shilingi ya ziada ipunguze deni la msingi, na kwamba unataka muda wa mkopo upungue, rejesho libaki pale pale. Nakala yako igongwe muhuri. Kabla ya hapo soma mkataba uone kama kuna faini ya kulipa mapema, na kama ipo, uliza ni kiasi gani na inahesabiwaje. Mwezi ukiisha, dai taarifa na uisome mstari kwa mstari. Usione haya, nyumba ni yako.

Fedha za ghafla nazo zitakuja: malimbikizo, bonasi, mchezo ukikuangukia wewe. Kwanza jaza kibubu cha dharura, maana mtoto akiugua usiku usianze kutafuta namba ya kausha damu. Kinachobaki, sehemu kubwa ikalipue deni. Ila mtumishi wa umma, ile nauli ya likizo unayolipwa kila baada ya miaka miwili ni ya likizo. Ipandie basi na familia yako.

Tena siku zenyewe unazo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28. Ninawajua watu wanaozibadilisha zote kuwa hela kila mwaka ili waharakishe deni, na watoto wao wanawajua kwa mlio wa geti usiku. Ndugu yangu, usiuze siku hizo zote. Hazirudishwi.

Nikusimulie Desemba yetu ya kwanza baada ya lile daftari. Tuliondoka Mbezi alfajiri, wanne, na hotipoti ya wali na kuku mapajani kwa mke wangu. Barabara ya Iringa inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na abiria wa basi anaangalia wanyama bila kulipa kiingilio. Twiga walikuwa watatu upande wa kushoto. Yule mdogo alinishika sikio akanivuta, hakutaka hata kusema, alitaka nigeuze kichwa. Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu dirishani. Kwenye mlima Kitonga basi lilipanda taratibu, watoto wakichungulia bonde. Jioni mama alikuwa amesimama njiani na kanga mbili mabegani, moja yake, moja ya kumfunika mjukuu, maana Iringa baridi haina mzaha. Mtoto alimwendea mwenyewe.

Safari nzima ilikula laki tano na themanini.

Kama mwaka huu laki sita hazipatikani, usikae ndani ukajifungia. Treni ya SGR ilipoanza safari za Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, daraja la kawaida lilikuwa shilingi 31,000, na Morogoro 13,000. Nenda asubuhi, watoto waione milima ya Uluguru, mrudi jioni. Wa Tanga wana mapango ya Amboni. Wa Bagamoyo wana magofu ya Kaole. Na Jumamosi moja ya kukaa mchangani Kigamboni, simu zikiwa kwenye mfuko, mtoto anaikumbuka kuliko zawadi ya dukani.

Jambo moja tu likusindikize nyumbani kijijini: usifike kama tajiri. Desemba nyingi zinavunjwa na aibu ya kusema hatuna. Waambie ndugu mapema, kwa heshima, kwamba mna deni la nyumba na mnakuja na sukari, mafuta ya kula na kitenge cha mama. Kaka yangu mkubwa nilipomwambia hivyo alinyamaza, kisha akaniomba nimfundishe hesabu ya riba, kwa sababu naye alikuwa na mkopo wake aliokuwa anauficha. Tulikaa jikoni kwa mama mpaka saa sita usiku, kaunta buku juu ya gunia la mahindi.

Daftari letu leo lina miraba 61 iliyobaki. Mitano kati yake ni myekundu. Mama anatimiza miaka sabini na nane, na yule mdogo ameshatangaza kwamba atakaa dirishani upande wa kushoto.

Mshahara wako ujao ukiingia, kabla hujafanya lolote, andika ile barua ya benki, hata kama ziada yako ni elfu ishirini. Weka pembeni elfu ishirini nyingine ya safari. Jioni kaa na mwenzako, chukueni kalenda, chagueni tarehe. Halafu piga simu nyumbani, uwaambie mnakuja lini.