Usikivu wa Mtunzi: Tafakuri kutoka Mkwiro

Je, mtunzi wa muziki anayenyamaza na kusikiliza huwa na deni lolote kwa kile anachokisikia? Swali hili huulizwa kwa nadra, kwa kuwa kusikiliza huchukuliwa kuwa tendo lisilo na hatia.

Lugha yetu haikubaliani na dhana hiyo. Mtoto msikivu ni yule anayetii. Asiyesikia ni mkaidi, hata kama masikio yake ni mazima. Hivyo, usikivu ni sifa ya kimaadili kabla haujawa ustadi wa sikio. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga kitabu kizima cha Ihya kujadili adabu za samaa, yaani kusikiliza, na anashikilia kwamba sauti huamsha kile ambacho tayari kimo moyoni. John Cage, aliyevutiwa na mafunzo ya Zen, alielekea kwingine. Katika tungo yake ya mwaka 1952, ya dakika 4 na sekunde 33, mpiga piano hapigi hata noti moja. Hadhira husikiliza sauti za mahali ilipo, na sauti hizo hazidaiwi maana yoyote.

Tumchukue mtunzi wa namna hii hadi Mkwiro, katika Kisiwa cha Wasini, ambako hakuna ngurumo za magari. Atasikia maji yakipwa, upepo, adhana. Cage anamtosha hapo. Lakini avuke mlangobahari hadi Shimoni, aingie katika mapango ya matumbawe. Humo mna popo na matone ya maji. Mna pia masimulizi mawili: kwamba watumwa walifungiwa humo wakingoja kusafirishwa, na kwamba wenyeji walijificha humo dhidi ya wavamizi. Tone la maji halisemi ni lipi. Pango lilelile ni gereza na ni kimbilio, na sauti yake ni moja.

(Mwandishi wa makala haya aliwahi kuketi humo kimya, akatulia kabisa, haya zilimjia baadaye, njiani.)

Utulivu ule ulitoka wapi? Kwa hoja ya Al-Ghazali, tuliingia nao. Tungo ambayo ingezaliwa pale ingekuwa nzuri, na ingekuwa yetu sisi tu. Mtunzi msikivu hana budi kutoka pangoni, aketi barazani na wazee, asikilize pia wanapopingana. Na huenda akarudi na muziki usio na utulivu hata kidogo.