Boma la Mchanga na Haki ya Jirani

Mto Umba hutoka katika milima ya Usambara, Tanzania, ukavuka mpaka na kuingia Kwale, kisha ukamwaga maji yake baharini karibu na Vanga. Mvua inyeshayo mbali, juu ya mashamba ya watu usiowajua, yaweza kukufikia mlangoni siku ambayo mbingu za Vanga hazina hata wingu. Mto ukifurika wakati wa bamvua, bahari nayo hukataa kuupokea, na maji hukosa pa kwenda. Kwale iliyaonja mafuriko katika vuli ya 2023, kama sehemu nyingi za Kenya zilivyoyaonja mwaka 1961 na mwishoni mwa 1997.

Saa hiyo dawa iliyo karibu ni gunia la mchanga. Kazi hii, msomaji, ina adabu zake. Gunia halijazwi mpaka mdomo. Nusu au zaidi kidogo yatosha, ili lilale na kushikana na mwenzake. Safu ya juu hufunika maungio ya safu ya chini, kama mwashi apangavyo matofali, na upana wa chini huwa kama mara tatu ya kimo. Mchanga nao usichimbwe katika ukingo wa mto wala ufukweni. Achimbaye hapo ajenga boma kwa kubomoa boma.

Hayo ni mepesi. Lililo zito ni hili: boma haliyamezi maji, huyageuza tu. Mkondo ulioukataza mlangoni pako utapita mlangoni pa jirani asiye na magunia, wala vijana wa kuyabeba. Je, umeondoa msiba, au umemhamishia mwenzako?

Yuko atakayejibu kwamba wajibu wa kwanza wa mtu ni kwa watoto wake. Simbishii, mzazi aachaye wanawe wazame kwa kuwahurumia wengine hana sifa. Ila wajibu huo huo anao jirani.

Naona swali hili halijibiki usiku wa gharika, wakati kila mkono umeshika gunia lake. Hujibiwa kiangazi, barazani, wazee na vijana wakiwapo: maji yapite wapi, na nyumba ya nani ibaki nje ya boma, maana mara nyingi hubaki moja. Mwenye nyumba hiyo aulizwe kwanza, tena aonyeshwe mapema chumba atakacholala na wanawe, na banda la mbuzi wake, katika nyumba za wale watakaookoka kwa kupitiwa kwake.