Jogoo wa Birmingham na Swali la Orijino

Ukiingia duka la vipuri vya pikipiki, muuzaji hakutajii bei kabla hajajua unataka cha wapi. "Kuna cha Japani, kuna cha Taiwani, kuna Mchina." Kila jina lina bei yake na heshima yake. Mwenye fedha anataka orijino, mwenye haraka anachukua Mchina, na fundi aliyekaa kwenye benchi nje anatabasamu, kwani keshaona maboksi matatu tofauti yakitoa kitu kile kile. Pamoja na hayo imani yetu haitikisiki: orijino ni kile kilichotangulia, kilichofuata ni kopi, na kopi ni ndugu wa damu wa feki.

Nimeanza kuitilia shaka imani hiyo, na chanzo ni mzee mmoja wa mtaani kwetu hapa Tanga, aliyeamua kuifufua pikipiki ya Kiingereza, BSA Bantam, kwa vipuri vya enzi yake.

Ni Bantam D1, toleo la kwanza kabisa: injini ya cc 123, gia tatu, fremu ngumu isiyo na springi nyuma. Ilianza kazi kwa karani wa shamba la mkonge, ikapita mikononi mwa watu wengi, na kila aliyeimiliki akaiachia alama yake. Ilipomfikia mzee, kabureta ilikuwa ya Suzuki, rimu ya nyuma ya bodaboda, taa ya mbele imefungwa kwa mpira wa tyubu, na kiki ni kipande cha nondo kilichochomelewa. Lakini ilikuwa inawaka na inatembea. Tuwape haki yao mafundi waliofunga walichokuwa nacho; bila wao ingeshauzwa chuma chakavu zamani, kwa kilo.

Mzee anataka irudi ilivyotoka kiwandani Birmingham. Kabureta iwe Amal, magneto iwe Wipac, rimu ziwe za inchi 19. Rangi iwe kijani kile kilichopauka cha Bantam za mwanzo, ubavu wa tanki uwe na rangi ya pembe, na juu yake akae yule jogoo mdogo aliyekuwa nembo yake. Hata kifuniko cha tanki kina habari. Injini hii haina sehemu yake ya oili. Oili unaichanganya mwenyewe na petroli, sehemu moja kwa ishirini, na kifuniko cha asili kilikuja na kikombe chake cha kupimia. Kifuniko alichokikuta kinaziba vizuri tu, ila hakina kikombe. Anakitafuta chenye kikombe.

Nilimwuliza anajisumbua kwa nini, na chombo kinatembea.

"Mwanangu," akasema, "kuingia si kufaa. Kila kitu kwenye hii pikipiki kiliingia."

Kauli hiyo niliielewa vizuri siku nilipomtazama akifungua nati. Nati za Bantam hazikupimwa kwa milimita. Zinafuata spana za Whitworth, mfumo uliotokana na Mwingereza Joseph Whitworth, ambaye mwaka 1841 alipendekeza viwanda vyote vya nchi yake vitumie nyuzi za bolti za aina moja. Spana ya Whitworth iliyoandikwa robo inchi haipimi upana wa kichwa cha nati. Inataja unene wa bolti ambayo nati hiyo huivaa. Upana wenyewe unakaribia milimita 13.3. Kwa hiyo spana yetu namba 13 haiingii, na namba 14 inaingia lakini inacheza. Ukiikaza kwa nguvu inateleza na kula kona. Nati kadhaa za pikipiki hii zilikuwa zimeshakuwa duara, ushahidi wa miaka mingi ya namba 14. Mzee alizipata spana zake kwa familia ya fundi wa zamani wa karakana ya reli. Nati iliyogoma anaidondoshea mafuta na kuiacha ilale. Asubuhi anaigeuza kidogo mbele, kidogo nyuma, kidogo mbele, huku ameinamisha kichwa anasikiliza. Hapigi nyundo. Bolti ya zamani ikikatika ndani ya injini, anasema, umejiongezea kazi ya wiki nzima kwa hasira ya dakika moja.

Majirani wanaopita humsifu kwa methali: mwacha asili ni mtumwa. Naye hutikisa kichwa kukubali. Mimi ndipo nilipokwama, kwa sababu nilikuwa nimeanza kusoma habari za Bantam, na asili yake si nyepesi kama methali inavyotaka.

Bantam ni kopi. Mama yake ni DKW RT 125 ya Ujerumani, pikipiki aliyoibuni mhandisi Hermann Weber katika mji wa Zschopau, na iliyotokea mwaka 1939. Ilikuwa na ufundi wa pekee: njia za kuingizia hewa zilielekezwa hivi kwamba mchanganyiko mpya wa petroli unazunguka ndani ya silinda na kuusukuma nje moshi wa zamani, kwa hiyo pistoni ingeweza kuwa na kichwa bapa, nyepesi na rahisi kutengeneza. Ufundi huo nao DKW haikuugundua. Ulitokana na hataza ya mhandisi mwingine, Adolf Schnürle. Vita ikaisha, Ujerumani ikashindwa, na michoro ya RT 125 ikachukuliwa na washindi kama sehemu ya fidia. BSA ilikuwa kampuni iliyoanzishwa mwaka 1861 kutengeneza bunduki, na jina lake refu, Birmingham Small Arms, linalitaja jambo hilo bila kificho. Ikauchukua mchoro, ikaugeuza kana kwamba umetazamwa kwenye kioo ili gia ikae mguu wa kulia kama Waingereza walivyozoea, ikabadili milimita kuwa inchi, na mwaka 1948 jogoo akawika.

Hakuwa peke yake. Wasovieti walitoa ya kwao kutokana na RT 125 hiyo hiyo. Harley-Davidson wa Marekani nao. Na mwaka 1955 kampuni ya Kijapani iliyotoka kwenye ukoo wa watengeneza vinanda ikatoa pikipiki yake ya kwanza kabisa, YA-1, nayo ikifuata RT 125. Kampuni hiyo ni Yamaha. Ile "Japani" tunayoililia dukani, tena kwa bei ya juu, ilianza maisha kwa kunakili.

Sasa nirudi kwenye methali ya majirani. Kama asili ni kutangulia, basi mzee wangu anapoteza muda. Ang'oe Amal yake, atafute kabureta ya Kijerumani, ahamishie gia kushoto. Hakuna mfufuaji wa Bantam anayefanya hivyo, wala anayefikiria kufanya. Na wana haki. Kuanzia 1948 hadi 1971 Bantam iliendelea kutengenezwa, ikikua kutoka cc 123 mpaka 150 na 175, gia tatu mpaka nne, fremu ngumu mpaka yenye springi. Vijana wa Posta ya Uingereza walipeleka telegramu mlango kwa mlango juu ya Bantam nyekundu. Wakulima waliipanda, wanafunzi walijifunzia, na makarani wa huku kwetu waliiendesha katikati ya mistari ya mkonge. Matatizo yaliyojitokeza barabarani yalirudi kiwandani yakatafutiwa dawa. Pole pole kopi ikapata tabia zake, kasoro zake, na watu wanaoijua kwa mlio tu. BSA yenyewe ilianguka mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini vipuri vya Bantam vinatengenezwa mpaka leo kwa sababu wenye nazo hawakukubali zife.

Ninachokiona hapo ni kwamba kitu hakiwi asili kwa sababu kilizaliwa cha kwanza. Kinakuwa asili pale watu wanapokubali kukitunza na kuwajibika nacho. Sisi wa pwani tungepaswa kulijua hili kuliko wengine. Taarab ilikuja Unguja kutoka Misri, enzi za Sultani Barghash, ikiwa burudani ya kasri yenye maneno ya Kiarabu. Siti binti Saad akaiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda Bombay kuirekodi kwenye sahani za santuri. Atakayesimama leo mbele ya watu wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja, akatangaza kwamba taarab ni kopi, basi awe na mbio.

Hapa msomaji makini ataniwahi: kama kopi inaweza kuwa asili, basi feki zote zimepata wakili? La. Feki ni kitu kingine, na ulimwengu wa pikipiki za zamani unaonyesha tofauti vizuri. Kila Bantam ina namba ya fremu na namba ya injini. Uingereza bado vimehifadhiwa vitabu vya BSA vilivyoandikwa pikipiki zilipokuwa zikitoka kiwandani, na kwa namba hizo unaweza kujua chombo chako kiliondoka lini na kilielekea wapi. Wapo watu wanaofuta namba na kugonga nyingine ili pikipiki ya kawaida iuzwe kama ya toleo adimu. Chombo hicho kinaweza kuwa na kila kipuri cha mwaka wake, rangi sahihi, jogoo sahihi, na bado ni feki, kwa sababu kinadanganya kilikotoka. BSA walinakili, lakini hawakugonga jina la DKW kwenye tanki. Waliweka jina lao, na lawama zikija zikawa zao.

Ndiyo maana kitu ninachokithamini zaidi katika kazi ya mzee ni daftari lake. Ameligawa sehemu tatu. Kwanza vipuri vilivyokuja na pikipiki yenyewe. Pili, vya enzi ile vilivyotoka kwenye Bantam nyingine, au vilivyokaa ghalani miaka yote bila kufungwa. Tatu, vilivyotengenezwa juzi kwa kufuata vya zamani. Akifunga pistoni mpya, anaandika kuwa ni mpya. Atakayeinunua kesho hatadanganywa, na atakayeitengeneza atajua pa kuanzia.

Daftari hilo lina pia mambo aliyokataa kuyarudisha. Viatu vya breki vya zamani vilikuwa na asbesto, ambayo vumbi lake huua mapafu, kwa hiyo vimewekwa vya kisasa. Tairi alizikuta za zamani mahali fulani, zenye chapa ya enzi ile na hazijawahi kugusa barabara, akaziacha huko huko. Mpira hukauka na kupasuka hata ukikaa kivulini, na tairi likipasuka kwenye mteremko halijali kama lina chapa sahihi. Uaminifu kwa jana una mpaka, na mpaka wake ni uhai wa mpanda pikipiki. Asiyeliona hilo anaabudu, hatunzi.

Jambo moja tu tunabishana. Ile kiki ya nondo ameitoa, na alitaka kuitupa. Namwomba aiweke kwenye boksi na kuiandikia jina la fundi aliyeichomelea, kama yupo anayelikumbuka. Birmingham walitengeneza kiki nyingi, zote zinafanana. Nondo ile ni moja, na iliiwasha Bantam hii katika miaka ambayo kipuri cha Uingereza hakikupatikana kwa fedha wala kwa dua. Nayo ina haki ya ukurasa wake.

Naandika haya huku bodaboda wakipita dirishani bila kukoma. Sehemu kubwa ya pikipiki za Kichina zilizojaa Afrika Mashariki zina injini iliyofuata Honda CG125 ya mwaka 1976. Wahandisi wa Honda waliiunda makusudi kwa ajili ya nchi kama zetu, baada ya kuona watumiaji wanachelewa kubadilisha oili na hawaiachi pikipiki ipumzike. Wakachagua injini ya fito za kusukumia vali, isiyo na makuu, inayosamehe. Wachina wakainakili, na sisi tukaipa kazi ambayo pengine hakuna aliyeichora aliyeifikiria: abiria wawili na gunia la mkaa, mgonjwa usiku wa manane, jeneza, kreti za soda, harusi. Tumeiongezea vyuma vya kulinda injini, viti virefu, miavuli, maandishi ya mapenzi kwenye madigadi. Tunaiita Mchina kwa dharau, na hapo hapo imelipa ada za shule za watoto wasio na idadi.

Iko siku mtu atataka kuirudisha moja ilivyokuwa, kwa vipuri vya enzi yetu, na atapata taabu kuliko mzee wangu. Mzee ana vitabu vya kiwanda. Sisi boksi likifunguliwa tu, kijitabu cha maelekezo kinafungia karanga, stika za tanki zinabanduliwa, na kadi ikipotea tunasema Mungu atajalia. Mwenye SanLG mpya, moja ya hao Wachina wetu, ambaye angependa mjukuu wake aifufue bila kubahatisha aanze leo: aandike daftarini tarehe aliyoinunua, kipuri alichobadilisha na fundi aliyekifunga, aliweke daftari hilo pamoja na kijitabu, na karanga azinunue kwenye mfuko mwingine.