Deni la Zambia na Aya ya 280





Ndugu zangu Waislamu, mihadhara yetu ya riba hapa chuoni huzunguka pale pale: mikopo ya simu, akaunti ya benki, bodaboda ya mkopo. Hayo yana nafasi yake. Lakini iko riba nyingine inayobebwa na mamilioni ya watu ambao hawajawahi kukopa hata shilingi. Ni riba iliyomo katika madeni ya nchi zetu, na sisi tunaosoma fiqhi ya miamala tumewaachia wanafunzi wa uchumi waizungumzie. Naitazama Zambia, kwa kuwa habari zake ziko wazi na hukumu zilishatolewa.

Mwaka 1979 Zambia ilichukua matrekta na zana za kilimo kutoka Romania kwa mkopo. Bei ya shaba ikaanguka, deni likashindikana kulipwa, riba ikaendelea kuota juu yake hadi jumla ikafika karibu dola milioni 30. Mwaka 1999, Romania ilipokuwa ikizungumza na Zambia ili imalizane nayo kwa sehemu ndogo tu ya kiasi hicho, kampuni moja iitwayo Donegal International, iliyosajiliwa katika visiwa vya Virgin vya Uingereza, ikaingia kati na kulinunua deni hilo kwa dola milioni 3.28 hivi. Kisha ikaenda mahakamani London kudai dola milioni 55. Mwaka 2007 mahakama ikaamuru ilipwe zaidi ya milioni 15.

Watu wa biashara hizi huitwa tumbusi, na jina limewakaa. Hukumu ile ilikuja mwaka mmoja tu baada ya Zambia, iliyokuwa imetoka kusamehewa sehemu kubwa ya madeni yake, kufuta ada za matibabu katika vituo vya afya vya vijijini. Msamaha waliotoa wengine, tumbusi akaufanya karamu.

Sasa fiqhi inasemaje? Tulifundishwa ile hadithi ya vitu sita: dhahabu, fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi. Jinsi moja kwa jinsi moja sharti ziwe sawa kwa sawa, mkono kwa mkono. Dola ni pesa, na wanazuoni wa zama zetu wameziingiza pesa za noti katika hukumu ya dhahabu na fedha. Anayetoa milioni 3 leo ili apokee milioni 30 kesho amekusanya riba ya ziada na riba ya kuchelewesha katika mkataba mmoja. Najua Malaysia wamelegeza katika uuzaji wa deni, na wana hoja zao. Lakini wengi wa wanazuoni, na Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jeddah pamoja nao, hawakubali deni la pesa liuzwe kwa mtu wa tatu kwa bei pungufu. Zamani nilidhani suala hili ni la mtihani tu. Kumbe lina wagonjwa ndani yake.

Uingereza yenyewe ilipitisha sheria mwaka 2010 kuwazuia wadai wa namna hii wasidai zaidi ya kiwango cha msamaha, kwa madeni ya zamani ya nchi maskini. Ya zamani, nasisitiza. Zambia ikarudi sokoni: hati fungani za dola milioni 750 mwaka 2012, bilioni 1 mwaka 2014, bilioni 1.25 mwaka 2015. Novemba 2020 ikashindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5. Mazungumzo yakachukua zaidi ya miaka mitatu. Februari 2024 ukame ukatangazwa kuwa janga la taifa, mahindi yamekauka mashambani, na wenye hati fungani bado wako mezani. Mapatano yao yalikamilika Juni mwaka huo, na ndani yake mna sharti kwamba uchumi ukifanya vizuri kuliko ilivyokadiriwa, sehemu ya malipo iharakishwe na riba yake ipande.

Hapo ndipo ninaposimama. Aya ya 280 ya Suratul Baqarah inaamuru mdaiwa aliye katika dhiki asubiriwe mpaka apate nafuu, na inasema kumsamehe ni bora zaidi. Nafuu katika aya hiyo ni wakati wa kurudisha rasilimali. Katika mkataba wa Zambia nafuu imegeuzwa sababu ya kuongezewa.

Atauliza mtu, je, waliokopa hawana lawama? Wanayo, tena nzito. Mtume (s.a.w.) alihesabu ucheleweshaji wa mwenye uwezo kuwa ni dhulma, na alisita kumsalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada alipojitwika kulilipa. Waliosaini wanasafiri na misafara ya magari. Wanaolipa ni mama wa kijijini na mtoto ambaye hajazaliwa. Na Mtume alipoifuta riba katika Hija ya kuaga, ya kwanza kuifuta ilikuwa ya ami yake, Abbas bin Abdul Muttalib. Alianzia nyumbani kwake.

Nyumbani kwetu ni Uganda. Nchi hii ilikuwa ya kwanza kukamilisha mpango wa msamaha wa madeni, mwaka 1998, na pesa zilizookolewa zikaelekezwa katika mfuko wa kupambana na umaskini, shule za msingi zikiwemo. Wengi wetu tulijifunza kusoma katika shule hizo za bure za UPE. Aya ya 282 inataka deni liandikwe na lishuhudiwe; Katiba yetu, ibara ya 159, inataka mkopo wa serikali uidhinishwe na Bunge. Hata hivyo mkopo wa China wa kupanua uwanja wa ndege wa Entebbe ulisainiwa mwaka 2015, na kelele juu ya masharti yake zikasikika Bungeni mwaka 2021.

Mkataba huo sasa umechapishwa na watafiti na unapatikana. Naomba Amiri wetu atupe Ijumaa moja baada ya swala, tukae na ndugu zetu wa kitivo cha sheria na wa uchumi, tuusome kifungu kwa kifungu, vitabu vya fiqhi vikiwa mezani.

Wabillahi tawfiq.